Tulipopika Mabomba ya Kijiji

Kisu cha jikoni kiliingia ndani ya ubao mpaka kwenye mpini, na mama alipokichomoa kilitoka na unga mweusi uliolowa. Alikuwa amesimama juu ya kiti, goti lake bovu linatetemeka, nami nimemshika kiuno kwa mikono miwili huku tumbo langu la mimba ya kwanza likinizuia kumsogelea vizuri. Nilimwambia ashuke. Akasema atashuka akishajua ugonjwa umefika wapi. Tukakihamisha kiti, akachoma tena mbele kidogo, tukakihamisha tena, mpaka tukaizunguka nyumba nzima. Hapakuwa na mahali ambapo kisu kiligoma.

Ubao wenyewe ni ule mrefu unaozunguka ukingo wa paa, unaoziba ncha za kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zisionekane na zisinyeshewe. Mafundi wanauita fishabodi. Baba aliijenga nyumba ile mwaka wa Uhuru, upande wa juu wa njia iendayo Myamba, ikawa miongoni mwa nyumba za mwanzo za bati kwenye mteremko wetu. Fundi aliyemletea mbao alizikata meno meno kwenye ukingo wa chini, na watu walikuwa wakisimama njiani kuyaangalia. Mama alijivunia yale meno kuliko bati lenyewe. Lakini ukungu wa milimani hauna heshima kwa meno ya mtu. Kila mwaka mbao zilikunywa maji, mchwa wakapanda kumalizia, na baba alipofariki hapakuwa na mtu wa kupanda ngazi kuzipaka rangi.

Lililotuumiza si uzuri uliopotea. Gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa na kuyapeleka kwenye pipa, lilikuwa limegongomelewa kwenye mbao hizo hizo. Masika iliyopita ubao wa upande wa jikoni ulikatika, gata likaanguka pamoja nao na kumuua kuku. Kuku alikuwa wa jirani. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, lakini jirani yule alikuwa muungwana: alikuja, akala mchuzi pamoja nasi, yakaisha. Pipa ndilo lililobaki tupu. Na kijito kiko chini kabisa korongoni, njia yenyewe ya kushikilia mizizi, na mama ana goti lisilokunjika.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi ya reli pale Same. Alipanda kuja kutuona wakati wa baridi, akamkuta mama anarudi kutoka kijitoni na kindoo cha mtoto, amekaa chini kwenye kona ya njia, hawezi kuinuka. Jioni ile hakula. Alimwambia mama ahamie kwake Same, ameshamtengea chumba, hospitali iko karibu, maji yako uani.

"Na hapa nimwachie nani?" mama akauliza.

"Funga mlango, mama. Nyumba haina njaa."

Mama akasema baba amelala pale nyuma ya migomba na yeye hajamaliza kuzungumza naye. Kaka akasema baba alikufa siku mbili kabla ya yeye kupata habari, na hatakubali jambo hilo limpate mara ya pili. Nilikuwa namkasirikia, lakini hilo lilikuwa kweli.

Walibishana mpaka uji ukapoa, halafu wakapatana kama watu wazima wanavyopatana wakichoka. Kaka alisema, "Vuli ikianza nitakuja. Nikilikuta pipa linapokea maji ya paa, nitanyamaza. Nisipolikuta hivyo, unafunga mizigo tunashuka wote."

"Nimekubali," mama akasema.

Nilitaka kumtikisa. Mtu anakubali vipi maneno kama hayo na mbao zimeoza nyumba nzima? Niseme wazi: nilimhitaji mama kuliko yeye alivyonihitaji mimi. Nilikuwa nimeolewa ng'ambo ya korongo, nasubiri mtoto wa kwanza, na niliogopa kuzaa bila yeye kuwa karibu.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi seremala. Huyu alikuwa ametoka kusini miaka mingi nyuma, akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, akaoa msichana wa kwetu na kupanda naye mlimani. Alizungumza Kiswahili cha mbio na alicheka kabla ya kufika mwisho wa maneno yake. Lakini nilipomtajia mbao, hakucheka. Msituni miti haikatwi bila kibali, na mbao zilizopasuliwa zote zilikuwa za shule na maghala ya vijiji. Mtu binafsi asubiri. Nilimuuliza asubiri mpaka lini. Akasema, "Dada, hiyo ndiyo sehemu ambayo hawajaitangaza."

Akatoa wazo la kuvika zile mbao kuukuu bati la madebe, zionekane mpya. Nilipolipeleka wazo hilo kwa mama, alinitazama kama niliyetukana. "Kidonda kikioza hukifuniki, mwanangu. Unakikata." Basi tukarudi palepale tulipokuwa.

Miezi hiyo kijiji kilikuwa kinachimba mtaro wa maji ya bomba, kutoka chemchemi ya juu mpaka shuleni. Kazi ilifanywa kwa msaragambo. Huo ni utaratibu wetu wa tangu mababu: pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, iwe ni barabara, ni mfereji, ni shule. Zamani asiyetoka alifuatwa kwake akachukuliwa hata kuku. Viongozi walipopanda kutueleza kwamba sasa tufanye kazi kwa umoja, wazee walipiga makofi kwa adabu na kutazamana.

Mama hakuweza kuchimba. Alichofanya ni kuwapokea watoto wachanga. Wanawake walipita kwake na majembe, wanamshusha mtoto mgongoni, wanaendelea. Uwanja wake ukawa na watoto kama vifaranga, wengine wanatambaa, wengine wanalia, mama yuko katikati kwenye kigoda na goti lake amelinyoosha.

Mabomba yenyewe, ya plastiki ya kijivu, manene kama paja la mtu, yaliletwa na lori. Kwenye kona mbaya ya barabara lori liliteleza kwenye tope, na sehemu ya mzigo ikamwagika makorongoni. Mengi yalipasuka. Yalikusanywa yakarundikwa kando ya ofisi ya kijiji, na watoto wakawa wanaokota vipande vya kuchezea. Kipande kimoja kilifika uwanjani kwa mama, kikatupwa karibu na mafiga ambako chungu cha makande kilikuwa kinachemka. Makande yakafurika, maji ya moto yakakimwagikia. Mama alipokiinua kwa kijiti alikuta kimelegea kama ngozi mbichi. Mtu mwingine angekitupa. Yeye alikiweka juu ya jiwe la kusagia, akakikandamiza kwa jiwe la juu, akasubiri kipoe. Kilipopoa kilikuwa kipande cha ubao, kimenyooka, kigumu, hakina hata tundu la mchwa.

Alimtuma mtu aniite. Nilipofika alinipa nikishike. Nilikipiga kwenye ukingo wa ukuta, kikalia.

"Hakiozi hiki," mama akasema.

"Ni cha kijiji, mama."

"Najua ni cha kijiji. Ndiyo maana nitakwenda kukiomba."

Alikwenda kwenye mkutano akijikongoja, nami nyuma yake. Alisimama akaeleza shida yake: anaomba yale mabomba yaliyopasuka tu, hagusi mazima. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, lakini mwoga wa kufanya jambo la kwanza. Alisema mali ya wote haiwezi kuwa ya mmoja. Halafu mwanamume mmoja, ambaye shamba lake linapakana na letu, akainuka kutoa la moyoni.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na mama huyu. Lakini hakuchimba. Kwenye msaragambo asiyechimba anadaiwa, hapewi."

Lilikuwa neno la kweli kwa sheria yetu, na nilijua mama analijua. Nilitazama chini kwa aibu na hasira.

"Sikuchimba," mama akasema. "Hata mkono mmoja wa mtaro si wangu. Lakini naomba wanawake waliochimba wainue mikono." Wakainua, wengi. "Sasa wainue waliochimba na mtoto mgongoni."

Hakuinua hata mmoja. Kwanza hawakuelewa, kisha mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, mpaka upande wote wa wanawake ukawa unapiga vigelegele. Mwanamke mmoja akapaza sauti akimwambia yule bwana kwamba kesho atamletea mtoto wake amfunge yeye mgongoni, waone atachimba kiasi gani. Yule bwana naye akacheka, akakaa. Alikuwa Mpare, lakini kesi akiiona imepotea alijua kuiacha.

Mwenyekiti akapata mahali pa kusimama. Ikaamuliwa kwamba kulea watoto ni sehemu ya msaragambo, kwamba mama achukue mabomba yaliyopasuka yamtoshe, na kwamba aendelee kuwapokea watoto mpaka mtaro ufike shuleni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu. Mama alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyomwona mwaka mzima.

Fundi alifurahi kama mtoto. Siku ya kwanza alijaribu kuyalainisha juu ya moto wenyewe, yakaungua kwa harufu iliyotutoa machozi na kuwakimbiza mbuzi. Tukarudi kwenye njia ya mama. Fundi alipasua pipa bovu kwa urefu likawa sufuria refu, tukaliweka juu ya mawe, majirani wakaleta maji ndoo kwa ndoo. Bomba lilipasuliwa upande mmoja kwa msumeno, likalazwa kwenye maji yanayochemka, likageuzwa kwa vijiti. Waliopita njiani waliuliza tunapika nini.

"Makande ya plastiki," fundi akawajibu. "Karibuni, ila mje na meno ya chuma."

Likishalegea, yeye na mume wangu walilitoa na kulifungua kama mtu anavyofungua mkeka, wakalilaza juu ya mbao nyoofu za meza ya fundi na kulifunika kwa mbao nyingine. Uzito ulikuwa wale watoto. Mama aliwapanga wakubwa kidogo wakae kwenye ubao mstari mmoja, akawaimbisha, na waliposhuka chini yao kulikuwa na fishabodi ya kijivu. Mama aliitazama ya kwanza, akasema ni nzuri, ila haina meno. Fundi akasema plastiki si mbao, mama. Mama akamwendea jirani mshonaji, akaazima mkasi. Kabla kipande kinachofuata hakijapoa, akakikata ukingo kwa meno kama anakata kitambaa. Fundi alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo kila kipande kilipita mikononi mwa mama kwanza.

Mabomba mengine yalipasuliwa katikati kwa urefu, yakawa gata. Mbao kuukuu ziling'olewa zote, misumari yake ikanyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe, maana dukani misumari ilikuwa haionekani. Ncha za kenchi, tulikuta zimebaki nzima. Fundi akagongomelea fishabodi mpya kwa nguvu, kipande kikilalia kipande, akaninginiza gata juu yake. Ilikuwa siku ya ukungu na baridi. Nyumba ilipendeza, mama akaenda nyuma ya migomba akakaa huko kitambo.

Kisha jua la kabla ya vuli likatoka. Mchana mmoja nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja vijiti, nikatoka nje. Fishabodi zilikuwa zimevimba migongo, zinajipinda huku na huku, misumari mingine imechomoka. Gata lilikuwa linayumba. Nilimfuata fundi nikamtolea maneno ambayo mjamzito anasamehewa. Yeye hakukasirika. Alikuja, akakaa chini ya ukingo wa paa, akatazama mpaka jua likashuka, na zilipopoa akaziona zinarudi taratibu kunyooka.

"Ah," akasema. "Mbao hulala tu mahali ulipozigongomea. Hii inataka kutembea, na mimi nimeifunga kamba miguu yote."

Akapanda na msumari wa moto, akapanua kila tundu liwe refu, ili plastiki ikipata joto iteleze na ikipoa irudi. Ili kichwa cha msumari kisipenye, aliweka chini yake kizibo cha soda kilichopondwa. Tuliwatuma watoto waviokote vizibo dukani na kanisani. Jua likawaka tena, fishabodi zikatulia. Nilianza kulala usingizi.

Kaka alikuja siku ambayo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye vilele. Alipanda na lori la kuchukua ndizi, amepatana na dereva kwamba jioni akishuka wapakie mizigo ya mama. Alituamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba, akaizunguka nyumba akigusa fishabodi kwa kidole. Nilimwona ameshangaa, nikamwona pia hataki kushangaa. Akakaa kwenye kigoda. "Tungoje mvua," akasema.

Ilikuja alasiri, nzito, ya moja kwa moja. Paa likaunguruma. Maji yakajaa gata la kijivu, yakakimbia upande wa jikoni kuelekea kwenye pipa, na nilikuwa nimeshainua mikono nipige kigelegele. Kwenye kona ya mwisho kipande kikateleza. Pale vizibo vilikuwa vimetuishia na tundu lilikuwa limepanuliwa kupita kiasi. Tulikuwa tumetoka kwenye kosa la kubana tukaangukia la kulegeza. Vichwa vya misumari vikapenya, gata likainama, na maji yote ya paa yakawa yanamwagika chini, hatua chache tu kutoka kwenye pipa. Pipa likabaki linapigiwa na matone ya pembeni.

Mama alitazama. Kisha akainuka. "Ahadi ni ahadi," akasema, akaingia ndani. Nilimsikia anafungua sanduku.

Nililia kwa hasira. Nikaishika ngazi nianze kupanda, na tumbo langu hivyo hivyo. Kaka akanivuta mkono. "Una wazimu wewe?"

"Wewe umeshinda," nikamwambia. "Kaa ufurahi."

Alisimama chini ya bati akiyatazama maji yanavyochimba shimo kwenye udongo wa uwanja, na mlango wazi nyuma yake, na ndani mama anakunja khanga. Akavua viatu vyake vya kazi, akaingiza soksi ndani yake, akaviweka pakavu ukutani kwa uangalifu. Akavua na shati. Akapanda ngazi katikati ya mvua, akaingiza bega chini ya gata na kuliinua. Maji yakamwingia masikioni, yakamshuka kifuani.

"Leta waya!" akapiga kelele.

Nilikimbia nilivyoweza. Nilimpa waya na koleo kwa kuvinyoosha juu ya kichwa changu, naye akaufunga kwenye ncha ya kenchi kwa mkono mmoja, meno yameng'ata ncha nyingine, anatukana kwa sauti ndogo lugha ya stesheni ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Gata likakaa sawa. Maji yakasita, yakageuka, yakaingia kwenye pipa kwa kishindo.

Mama alitokea mlangoni, khanga ziko mikononi. Alimtazama mwanawe aliyekuwa bado juu ya ngazi, ametota kama aliyevuliwa ziwani Jipe.

"Mama," kaka akasema, "nimelikuta pipa linapokea maji ya paa."

"Umelikuta?"

"Nimelikuta."

Mama hakumbishia. Aligeuka kuzirudisha khanga sandukuni.

Chini barabarani lori la ndizi likapiga honi, mara ya kwanza, na mara ya pili. Kaka alibaki juu ya ngazi, mikono bado imelishika gata ambalo halikuhitaji tena kushikwa. Alikuwa analia, na alidhani mvua inamficha.

"Nenda pale ukingoni mwa uwanja umpungie dereva," akaniambia. "Mwambie aende. Hakuna mzigo."